Wiki Sita Ndani ya Sanduku la Hajati

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya Jumanne, simu yangu ililia nikiwa nimeshika jiwe la kilo tano juu ya mizani ya muuza mchele mmoja wa Mengo, Kampala. Huwa sipokei simu nikiwa kazini, kwa sababu mawazo yakihama mkono nao huhama. Lakini namba ilikuwa ya Kenya. Nikaliweka jiwe chini, nikapokea.

Alikuwa mama wa ofisi ya wachapishaji Nairobi, ambaye nilikuwa nimemwandikia wiki kadhaa kabla. Aliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kumfundisha mtu.

"Mwalimu, kamati ya kuchagua miswada imesogeza kikao. Si mwisho wa mwezi ujao tena. Tunafunga Ijumaa hii, saa kumi na moja jioni. Wewe ulisema umemaliza, sivyo?"

"Nimemaliza."

"Basi wewe huna shida. Uchape vizuri, utume tu."

Nilimshukuru. Muuza mchele akaniuliza kama kuna msiba nyumbani, maana nilikuwa nimekaa juu ya gunia lake bila kuomba ruhusa. Nikamwambia hakuna msiba. Kisha nikaupima mchele wake mara mbili na mara zote mbili nikasahau kusoma mshale.

Shida ilikuwa hii. Kitabu changu kilikuwa madaftari manne yaliyoandikwa kwa mkono. Hakikuwa na nakala. Madaftari hayo yalikuwa Kasubi, mtaa mwingine wa Kampala, ndani ya sanduku la bati la mwanamke niliyemwapisha asinipe kabla ya wiki sita kutimia. Siku ile zilikuwa zimetimia tano.

Inanibidi nieleze jinsi mtu mzima mwenye akili timamu anavyofika hapo.

Mimi ni fundi wa mizani. Shule niliiacha kidato cha pili, na karibu kila ninachokijua tangu hapo nimekipata kwenye vitabu vya maelekezo. Kurekebisha mizani ya springi nilijifunza kwa kitabu. Kufuga kuku nilijifunza kwa kitabu. Vitabu vya namna hiyo vina sheria moja isiyoandikwa: hatua hairukwi. Ukiruka hatua ya nne, hatua ya saba itakuumbua. Kwa hiyo nilipofika miaka arobaini na minane na kutaka kuandika habari za mama yangu, nilienda kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao chini, karibu na stendi kuu, nikauliza kama wana vitabu vinavyofundisha kuandika vitabu. Nikapata vitatu, vyote kwa Kiingereza, vyote kutoka nchi za baridi. Kimoja kilinishauri kila asubuhi nitembee msituni. Mimi ninaishi Mengo. Nilitembea hadi ukuta wa Lubiri, ikulu ya Kabaka, na kurudi, nikahesabu kwamba inatosha.

Kitabu cha kwanza kilisema rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono, ili mwendo wa kalamu uwe mwendo wa moyo. Nikatii. Cha pili kilisema rasimu isinakiliwe wala isionyeshwe mtu kabla ya kusahihishwa, kwa sababu ikinakiliwa inaganda. Nikatii. Cha tatu kilisema ukimaliza, fungia kazi yako kwa wiki sita bila kuitazama, ndipo utaisoma kwa macho ya mgeni. Na kama unajijua kuwa dhaifu, mpe mtu mwenye moyo mgumu, umwambie asikupe hata ukimwomba.

Kila shauri peke yake lilikuwa na akili. Ni mimi niliyeyajumlisha. Mtu aliyepita mikononi mwa mwalimu angemuuliza, "Hili nalo lazima?" na mwalimu angetikisa mkono, "Achana nalo." Mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Mwenye moyo mgumu nilimjua. Alikuwa mjane wa Kinubi anayeuza karanga na simsim kwa kilo, ambaye babu yake alikuja nchi hii akiwa askari. Wote tunamwita Hajati. Kila mwaka nikikagua mizani yake naikuta inampa mnunuzi zaidi kidogo, na kila mwaka nikitaka kuirekebisha ananizuia. "Iache hivyo hivyo, Mkenya. Siku ya kiama sitaki muuza karanga mwenzangu ashike foleni mbele yangu." Nilidhani mtu kama huyo ni salama kuliko benki.

Siku niliyompelekea madaftari aliyapima kwa mkono, kama anavyopima kila kitu.

"Ni nini humu? Karatasi za mahakama?"

"Ni mambo ya mama yangu, Hajati. Nimeyaandika."

"Mama yako yuko hai?"

"Amefariki."

"Basi weka."

"Lakini usinipe kabla ya wiki sita. Hata nikija kuomba."

"Hata ukija unalia?"

"Hata nikija ninalia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akayafunga madaftari kwenye kitenge, akayalaza chini kabisa ya sanduku. "Nyinyi watu wa kusoma mna matatizo yenu. Lakini hii sasa ni amana. Amana ina siku yake."

Jumanne ile, kabla ya saa kumi, nilikuwa Kasubi mbele ya mlango wake. Mlango ulikuwa na kufuli mbili. Ya chini niliijua, ilikuwa ya Hajati. Ya juu ilikuwa mpya, kubwa, na mnyororo wake umepitishwa katikati ya komeo. Kila mpangaji wa Kampala anajua maana ya kufuli ya pili. Simu ya Hajati ilikuwa imezimwa.

Msimamizi wa nyumba alitoka chumba cha mwisho akitafuna muwa. Alikuwa kijana mwenye heshima na funguo nyingi.

"Ssebo, wewe nani kwa huyu mama?"

"Rafiki. Nina mzigo wangu ndani."

"Kila mtu iko na mzigo ndani. Hii chumba iko na deni ya miezi tatu. Hakuna kitu inatoka."

"Mzigo wangu ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, mbona unatoka jasho?"

Nilimweleza kuwa ni madaftari manne, kwamba nimeyaandika mwenyewe, kwamba hayana bei.

"Karatasi ya maana inakuwa na sitampu," alisema. "Yako iko na sitampu?"

"Haina."

"Banange. Sasa unalia nini?" Lakini aliniona usoni, akaacha kutafuna. "Sikia, mzee. Hata mimi nikifungua yangu, hiyo ya chini ni ya mama. Nikivunja, kesho atasema nimeiba. Mlete mama, lete pesa, nitafungua. Yuko Bombo kwa dada yake."

Niliuliza kama paa linavuja. Alisema kidogo. Niliuliza kama kuna panya. Alinitazama kana kwamba nimeuliza iwapo Kampala kuna bodaboda.

Nilirudi Mengo nikiwa na picha moja kichwani, ya tone la maji likipita kwenye kutu ya bati. Ndani ya madaftari yale kuna mambo niliyosimuliwa na mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu: jinsi mama alivyofika Nakuru akiwa msichana, jinsi alivyoanza kuuza viazi kwa debe moja la kuazima, wimbo aliokuwa akiimba akipanga viazi. Mama mdogo naye amekufa. Nusu ya yaliyoandikwa mle siwezi kuyapata tena kwa mtu yeyote duniani. Nilijaribu kuandika upya ukurasa wa kwanza kutoka kichwani, nikakuta nakumbuka vizuri ushauri wa vitabu vitatu kuliko maneno yangu mwenyewe.

Nilikuwa na shilingi laki nne na elfu themanini, nilizoziweka akiba kwa ajili ya kuchapisha muswada na nauli ya Nairobi. Kodi ya miezi mitatu ya Hajati ilikuwa laki nne na hamsini. Mke wangu yuko Kitale na watoto. Sikumpigia, kwa sababu angeniuliza swali ambalo nilikuwa najiuliza mwenyewe.

Jumatano asubuhi nilimkuta Hajati Bombo, kwenye baraza la dada yake, mguu mmoja umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya kigoda, anachambua karanga. Aliponiona hakushangaa. Alihesabu kwa vidole.

"Bado."

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba. Bado wiki nzima."

"Hajati, Nairobi wamebadilisha tarehe. Kamati inafunga Ijumaa."

"Hiyo kamati ilikuwepo siku tunaapa?"

"Haikuwepo."

"Basi hainihusu. Kaa, unywe chai."

Nilikaa. Nilikunywa chai. Nilimweleza habari zote, na alinisikiliza kwa makini kabisa, na nilipomaliza akasema niliyemwapisha ni mimi, na kwamba siku ile nilikuwa na akili kuliko leo, maana leo macho yangu ni mekundu. Ikabidi niseme nililokuwa nimepanga kutolisema.

"Hajati, nimefika Kasubi. Mlango una kufuli mbili."

Mikono yake ilisimama juu ya karanga.

"Kumbe umeona."

"Nimeona."

"Huku nimewaambia nimekuja kumtazama dada." Alishusha sauti, ingawa dada alikuwa nyuma ya nyumba. "Kodi nilikuwa nadaiwa tayari, kisha huu mguu ukateguka sokoni. Mwezi mzima sijauza. Nilidhani nitapona haraka nilipe, wala mtu asijue."

Nilitoa bahasha. Ilikuwa haraka mno. Nilijua ni haraka mno kabla mkono haujafika.

"Rudisha," alisema. "Ukilipa hiyo kwa ajili ya karatasi zako, utakuwa umezikomboa. Mimi sikuziweka rehani. Watu watasema Hajati alipewa amana akaifanya dhamana ya kodi."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na wewe utaandika." Hapo alicheka kidogo, na mimi nikapata nafasi ya kupumua.

Tulibishana hadi adhuhuri. Mwishoni alikubali kwa masharti yake. Pesa ni mkopo wake, wa kodi yake, utakaolipwa kidogo kidogo kuanzia siku atakapokanyaga sokoni. Madaftari ni jambo lingine kabisa, na siku yake ni Jumanne ijayo. Nilikubali. Nilijiambia kwamba mlango ukishafunguliwa nitapata maneno ya kumlegeza. Tuliondoka wote alfajiri iliyofuata; njia nzima ya kurudi aliimba kwa Kinubi, na mimi nilihesabu mawingu upande wa ziwa.

Alhamisi saa tatu msimamizi alihesabu kodi mara mbili, kisha akadai elfu ishirini zaidi. "Ya kufungulia," alisema. "Kufuli hii nilinunua." Nikatoa. Alifungua ya juu, Hajati akafungua ya chini. Ndani palinuka bati lenye joto na simsim. Sakafuni, karibu na kitanda, palikuwa na alama nyeupe ya maji yaliyokauka, na alama hiyo iliishia penye sanduku.

Sikuweza kusogea. Hajati aliinama kwa shida, akatoa nguo moja moja, kitanda kikajaa, akafika chini, akatoa kitenge. Kilikuwa kikavu. Alikifungua, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaanza kukifunga tena.

"Hajati."

"Jumanne."

"Hajati, tafadhali. Hapa niko. Nalia."

"Naona. Ulisema utalia." Alifikiri. Alikaa kitandani juu ya nguo zake, madaftari mapajani. "Kutoa sitoi. Lakini kusoma ulisema nini?"

Nilikumbuka maneno yangu. Nilikuwa nimesema asinipe. Kitabu kilikataza kusoma. Mimi kwa Hajati nilikataza kupewa tu.

"Kusoma hatukuapa," nilisema.

"Basi soma hapa hapa. Kwa sauti. Wiki tano nimelinda kitu sikijui."

Kabla sijaanza alinikubalia jambo moja zaidi: nipige picha kila ukurasa kwa simu. Alisema picha ni kivuli, na kivuli hakikuwa ndani ya kiapo. Nilipiga picha mchana kutwa mlangoni penye mwanga. Kufikia jioni hofu ya tone la maji ilikuwa imeisha. Nilimpata pia mpiga chapa wa Mengo aliyekubali kufanya kazi kwa picha hizo, usiku na Ijumaa kutwa, alipwe mwezi ujao. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Nilitakiwa tu kumtumia picha. Nilimwambia nitazituma asubuhi, nikishasoma angalau mara moja, maana sikutaka kutuma kitu nisichokijua.

Ijumaa asubuhi nilikuwa tena Kasubi. Hajati alikaa mlangoni, mguu kwenye kigoda, nami nikasoma. Sura ya kwanza ilianza na mvua, kwa sababu kitabu cha pili kilisema msomaji aingizwe katika hadithi kwa hali ya hewa au kwa harufu, na mimi nilikuwa nimeweka vyote viwili. Mvua hiyo ilinyesha kurasa sita. Kwenye ukurasa wa nne nilisikia pumzi yake imebadilika. Alikuwa amelala.

Niliendelea kusoma kwa sauti ndogo. Sikujua la kufanya lingine. Mpiga chapa alipiga simu, nikamwambia anisubiri. Nilifika sura ya pili, sokoni, mama yangu anapima viazi. Nilikuwa nimeandika kwamba debe lake lilikuwa limebonyea chini kwa uzee, kwamba hakuwa na uwezo wa kununua jingine, na kwamba kila Januari aligeuza debe lile akalipiga kitako kwa jiwe, huku mimi mtoto nimelishikilia kwa mikono miwili lisiteleze.

"Limebonyea wapi?" Hajati aliuliza. Macho yake yalikuwa bado yamefumba.

"Chini."

"Kuingia ndani, au kutoka nje?"

Nilitazama ukurasa. Sikuwa nimeandika. Lakini nililiona debe. "Kuingia ndani."

"Na akilipiga, akilipiga kwa nje?"

"Kwa nje."

Alifumbua macho, akacheka kicheko kirefu cha mtu wa sokoni. "Wallahi! Mama yako alikuwa mfanyabiashara! Viazi vingapi hapo havikuingia? Vinne? Vitano? Kila debe!" Akanitazama. "Na mwanawe akawa fundi wa mizani. Hii ndiyo hadithi, Mkenya. Mbona umeiweka nyuma ya mvua yote ile?"

Kisha aliona kwamba sicheki.

"Wewe hukujua," alisema.

Nimeshika mizani ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimegundua springi zilizolegezwa, mawe yaliyotobolewa, sumaku zilizobandikwa chini ya sahani. Debe lile nililishikilia kwa mikono yangu mwenyewe lisiteleze, na sikuwahi kulipima.

"Labda alikuwa analinyoosha," nilisema.

"Labda," alisema Hajati kwa upole. "Mtu hulinyoosha kwa kulipiga kutoka ndani. Lakini labda."

Hapakuwa na wa kumuuliza. Nilifungua madaftari yote manne, nikitafuta jambo lolote alilosema mama mdogo kuhusu debe. Alikuwa amesema moja tu: kwamba wanunuzi wa mama walipungua kila mwanzo wa mwaka, na kwamba mama alisema ni kwa sababu ya karo za shule. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo bila kuielewa, kwa mwandiko mzuri, na kuzungushia maua pembeni. Sasa sikujua kama ni ushahidi au ni sentensi tu. Kitabu cha kwanza kinasema sema kweli, hata kama mikono inatetemeka. Cha tatu kinasema wafu wana haki ya kufunikwa. Hakuna kinachosema ufanye nini usipoijua kweli yenyewe.

Saa kumi na dakika arobaini yule mama wa Nairobi alipiga.

"Mwalimu, tunakungoja wewe tu."

"Naomba mnisamehe. Hakijaiva."

"Lakini ulisema umemaliza."

"Nilidhani. Kuna kitu hakijapimwa."

Alisema basi tuongee mwakani, kama kamati itakuwepo, maana siku hizi hakuna uhakika. Maneno hayo, kama itakuwepo, nimeyabeba tangu siku hiyo. Ninayasikia nikiwa kazini, na inanibidi niweke jiwe chini nianze upya.

Jumanne Hajati alinikabidhi madaftari, akayahesabu tena mbele yangu, akakunja kitenge chake. Nilienda moja kwa moja duka la fotokopi. Mvua nimeifuta yote. Sura ya debe nimeiandika mara nne, mara mbili mama analinyoosha na mara mbili halinyooshi, na bado sijui ni ipi nitakayoituma.

Mguu wa Hajati umepona. Mkopo ameulipa wote, mwingine kwa noti na mwingine kwa simsim, aliyonipimia kwa mizani yake ile ile isiyorekebishwa. Nauli ya Bombo na zile elfu ishirini za kufungulia hazikurudi. Nilichopoteza, kwa jumla, ni shilingi elfu thelathini na nne.